Sungura wa kufuga nyumbani: tathmini ya banda moja la Tengeru na tabia za wanyama wake

Watu wengi wanaotafuta sungura wa kufuga nyumbani hapa Arusha huanza kwa kuuliza rangi, kisha bei, na wakifika kwenye tabia huridhika na jibu moja la muuzaji, kwamba "huyu ni mpole". Banda ninalolitathmini hapa liko pembezoni mwa Tengeru, juu kidogo ya barabara kuu iendayo Moshi, na linaendeshwa na mama mmoja wa makamo ambaye sitamtaja jina kwa kuwa hakuniomba nimtangaze. Linatofautiana na mabanda mengine niliyoyaona kwa jambo moja: mama huyu hauzi sungura kwa aina yake, anamuuza kwa tabia yake. Kabla hujaonyeshwa mnyama yeyote utaulizwa nyumbani kuna nani, watoto wana umri gani, kama kuna mbwa, na kama sungura atashinda kizimbani au ataachiwa uani. Wapo wateja wanaoudhika kwa maswali hayo. Mimi nayaona kuwa ndiyo sehemu ya huduma yenye thamani kuliko zote.

Bandani kuna New Zealand weupe, California, Chinchilla wachache, Flemish Giant pamoja na chotara wake, na Dutch, wale wadogo wenye mkanda mweupe unaozunguka mabega na mstari mweupe usoni. Wengi wao ni wa aina zilizosambazwa kwa wafugaji wetu kwa ajili ya nyama, na mteja anayetaka mnyama wa kubembeleza anaweza kudhani kwamba hiyo ni kasoro. Kwa kweli ni faida. New Zealand, ambaye licha ya jina lake alizalishwa Marekani, na California, aliyeanza kuzalishwa katika jimbo la jina hilo miaka ya 1920, wamechaguliwa kizazi baada ya kizazi na wafugaji waliohitaji jike anayeruhusu mkono wa mtu kuingia kwenye kiota bila kuwakanyaga watoto wake kwa hofu wala kumrukia anayemlisha. Jike mkali aliishia sufuriani mapema, na uzao wake haukuendelea. Ndiyo maana sungura wa nyama aliyelelewa vizuri mara nyingi humshinda kwa utulivu sungura wa urembo aliyechaguliwa kwa udogo na sura tu.

Flemish Giant, ambaye asili yake ni Flanders nchini Ubelgiji, husifiwa kwa upole karibu kila anakofugwa, na wa Tengeru hawaiangushi sifa hiyo. Nilimkuta dume mmoja wa kijivu, mwenye zaidi ya kilo sita, amejinyoosha kama mto wa kitanda, na hakusogea hata nilipompapasa katikati ya masikio. Alisaga meno taratibu, sauti ndogo ambayo husikika tu kwa aliyeinama karibu, na ambayo kwa sungura ni dalili ya raha. (Kusaga kwa nguvu huku mnyama amejikunyata ni jambo jingine kabisa, hayo ni maumivu, na daktari wa mifugo aitwe.) Nilidhani nimeshapata mnyama wa watoto wangu. Mama mwenye banda akatikisa kichwa. "Baba, huyu ni mpole kwako wewe. Mtoto wa miaka saba atambeba vipi?" Huyo ndiye aliyekuwa sungura wa bei kubwa kuliko wote bandani, na muuzaji alikuwa ananizuia nisimnunue.

Hoja yake ilikuwa ya msingi. Mifupa yote ya sungura haifikii hata sehemu moja ya kumi ya uzito wake, ilhali misuli ya miguu yake ya nyuma ina nguvu kubwa kupita kiasi. Akishtuka mikononi mwa mtu na kupiga teke huku mgongo wake hauna mhimili, anaweza kuvunja uti wa mgongo wake mwenyewe, na mtoto anayezidiwa na uzito humwachia tu aanguke. Kwa hiyo upole wa mnyama na urahisi wa kumshika ni mambo mawili yasiyofuatana daima. Flemish ni mpole lakini ni mzigo. Dutch, ambaye hupata kilo mbili hadi mbili na nusu, hubebeka kirahisi lakini ni mwepesi, mdadisi, hapendi kukaa pajani zaidi ya dakika chache, na akichoka na wewe huondoka bila kuaga. Kwa kijana wa miaka kumi na miwili anayependa kumwangalia mnyama akikimbia uani, Dutch angefaa sana. Kwa mtoto mdogo anayetaka kukumbatia, angekuwa sababu ya machozi.

Kuhusu weupe wenye macho mekundu, nilipata maelezo ambayo sikuwahi kuyasikia kwa muuzaji mwingine. Wanyama hao huona hafifu kuliko wenye macho ya rangi, na wengine hutikisa kichwa kulia na kushoto taratibu wanapojaribu kupima umbali wa kitu. Wateja huiona tabia hiyo wakadhani sungura ni mgonjwa au amepagawa. Kinachotakiwa ni kumwita au kutoa sauti ndogo kabla ya kumgusa, basi.

Sasa nifike kwenye jambo linalolipa banda hili sifa yake. Sungura jike hubeba mimba kwa takriban siku 31, na baada ya kuzaa huingia kiotani kunyonyesha kwa kawaida mara moja tu kwa siku, kwa dakika chache, kisha huondoka. Watoto huzaliwa bila manyoya, na macho yao hufumbuka karibu siku ya kumi. Watafiti wa Hungaria walionyesha kwamba watoto wanaoshikwa na binadamu katika wiki hiyo ya kwanza, hasa muda mfupi kabla au baada ya kunyonya, hukua wakiwa na hofu ndogo zaidi kwa watu kuliko wasioguswa. Mama wa Tengeru hafahamu lolote kuhusu Hungaria, lakini kila asubuhi, jike akishatoka kiotani, yeye huosha mikono, huisugua kwa nyasi za kiota hicho, huwainua watoto mmoja mmoja kuhakikisha matumbo yao yamejaa, na huwarudisha. Anasema alianza kwa nia ya kutambua mapema mtoto asiyenyonya, kisha akaona kwamba wale anaowakagua hivyo hawamkimbii wakikua.

Ushahidi wake uko uani. Jike mmoja Chinchilla alitoroka, akachimba shimo chini ya banda, akazalia humo, na watoto wakaonekana kwa mara ya kwanza wakiwa wameshaota manyoya na wanatafuna majani. Baba yao ni yule yule aliyezaa na majike mengine, chakula ni kile kile, na sasa wanakaa vizimba vya safu moja na wengine. Ukikaribia kizimba chao wote hukimbilia kona ya nyuma, mmoja hupiga mguu chini kwa kishindo kuwaonya wenzake, na utasikia vizimba vya jirani vikinyamaza. Wale waliozaliwa kiotani, hatua mbili kutoka hapo, huja kwenye wavu kunusa vidole. Watoto wa shimoni huuzwa kwa karibu nusu ya bei, na mteja huambiwa sababu waziwazi: hawa ni wa mfugaji anayetaka nyama au mbegu, si wa kupakatwa. Mwenye subira anaweza kuwazoesha kwa kukaa chini nao kila siku na kuwalisha mkononi, lakini itakuwa kazi ya miezi.

Somo la kumshika mnyama hutolewa kabla ya malipo na halina haraka. Mama hufungua kizimba, huulaza mkono wake sakafuni hadi sungura aunuse, kisha huupitisha ubavuni. Hauleti mbele ya pua, kwa kuwa sungura huona karibu pande zote kwa wakati mmoja lakini haoni kilicho mbele kabisa ya pua wala chini ya kidevu chake, na mkono unaotokea hapo humshtua. Kiganja cha kwanza huingia chini ya kifua, nyuma tu ya miguu ya mbele. Cha pili hubeba sehemu yote ya nyuma. Mnyama huegemezwa kifuani kwa anayemshika, kichwa kikiwa kimefichwa kwapani, na hapo utaona mapigo ya pua yake yakipungua kasi. Watoto hufundishwa wakiwa wameketi mkekani, sungura akiwekwa mapajani, na hawaruhusiwi kabisa kumbeba wakiwa wamesimama. Mwanangu mdogo aliambiwa, "Mjukuu wangu, mwache aje yeye," na akaketi kimya kwa muda mrefu kuliko anavyoketi mezani.

Kuna mambo mawili ambayo mama huyu hayavumilii, nami namuunga mkono. La kwanza ni kumnyanyua sungura kwa masikio, desturi iliyoenea mno kwetu. Masikio hayo yamejaa mishipa ya damu, ni mepesi kuumia, na ndiyo yanayompunguzia joto mwilini. La pili ni ule mchezo wa wauzaji wa kumlaza sungura chali na kumsugua tumbo hadi atulie tuli, kisha kumwambia mteja, "Unaona? Amelala." Hajalala. Ni kuganda kwa hofu, jinsi mnyama anayewindwa anavyofanya anapojiona ameshakamatwa, na moyo wake hauna raha yoyote wakati huo. Mteja anayeuziwa sungura kwa onyesho hilo amenunua mnyama asiyemjua.

Tuliondoka na majike wawili ndugu, chotara wa California, waliotoka kiota kimoja, wakiwa na wiki nane. Muuzaji ndiye aliyetushauri kuchukua wawili, kwa kuwa sungura ni mnyama wa kundi, na kuchukua majike wa uzao mmoja, kwa kuwa madume wawili wakipevuka hupigana vibaya, na dume na jike utawahesabu kuwa wawili kwa muda mfupi tu. Alitutajia pia tabia zao kabla hatujalipa. Mwenye masikio meusi kabisa, ambaye watoto walimwita Masizi, alielezwa kuwa jasiri na mkaidi. Mwenzake Pamba kuwa mwoga kidogo lakini mvumilivu mikononi. Nilichukulia kwamba ni maneno ya biashara. Mama mmoja, baba mmoja, kiota kimoja, mikono ile ile. Tofauti ingetoka wapi?

Ilikuwepo. Siku za mwanzo Masizi ndiye aliyetoka kizimbani kwanza, akasugua kidevu chake kwenye kila mguu wa kiti, ambayo ni namna ya sungura kupaka harufu yake kwenye vitu anavyovimiliki, na akala jani la mchunga kutoka mkononi mwa mgeni. Pamba alibaki nyuma ya boksi. Lakini ukimwinua Masizi hujikunja na kusukuma kwa miguu, ilhali Pamba, akishashikwa, hutulia na kulamba mkono. Watoto, ambao wote walimpenda Masizi kwa uchangamfu wake, taratibu walihamia kwa Pamba walipotaka mnyama wa kukaa naye. Ujasiri na kukubali kushikwa ni sifa mbili tofauti, na nadhani makosa mengi ya wanunuzi hutokana na kuzichanganya: humchagua yule anayekuja mbele kwenye wavu, wakitarajia kwamba huyo ndiye atakayekubali kubebwa.

Masizi alipofikisha umri wa kupevuka, ambao kwa sungura wa ukubwa wa kati huwa kati ya mwezi wa nne na wa sita, alibadilika zaidi. Mkono ulioingia kizimbani kuchukua bakuli ulipokewa kwa mkoromo mfupi na makofi mawili ya miguu ya mbele, na siku moja kwa meno. Nilimpigia simu mama wa Tengeru nikitarajia aseme nimrudishe. Aliuliza swali moja tu, kama ananikoromea pia akiwa nje ya kizimba. Hapana, akiwa nje hunifuata. Basi, akasema, huyo hana ukali, analinda nyumba yake. Mfungulie atoke mwenyewe, usafishe na kujaza bakuli akiwa uani, na usiingize mkono usawa wa uso wake. Tulifanya hivyo, na makofi yakaisha, ingawa mkoromo haujaisha na sitarajii uishe. Majike wengi wana tabia hiyo ya kulinda eneo. Madume kwa kawaida huwa wepesi zaidi kuzoea mtu, lakini wakipevuka hunyunyiza mkojo na kumzunguka mtu miguuni kwa hamu isiyo na mwisho. Kuhasi hupunguza hayo kwa dume, na kwa jike upasuaji wa kuondoa viungo vya uzazi hupunguza ukali. Kasoro ni kwamba madaktari wa mifugo waliozoea kumlaza sungura kwa dawa ya usingizi si wengi, na banda hili halina msaada wowote wa kutoa katika hilo.

Kasoro nyingine zipo na sitazificha. Sakafu za vizimba vingi ni za wavu mtupu, rahisi kusafisha lakini mbaya kwa mnyama mzito; Flemish wawili niliowaona walikuwa na visigino vilivyonyonyoka manyoya, jambo ambalo likiachwa hugeuka vidonda. Nilipolitaja, mama alikiri na kuonyesha vibao vya mbao alivyoanza kuviweka, lakini vilikuwa katika vizimba vichache tu. Utambuzi wa jinsia haukosi makosa, kwani kwa watoto wa umri mdogo viungo hufanana. Jirani yangu alichukua hapo "majike wawili" ambao baadaye walitengeneza familia. Alirejeshewa fedha za mmoja bila mabishano, ila watoto sita walibaki kuwa tatizo lake. Kumbukumbu za uzazi zote ziko kichwani mwa mwenye banda, hakuna daftari, na siku akisafiri kijana anayemsaidia hawezi kukueleza mnyama yupi ni wa kiota kipi. Kwa banda linalouza tabia, hiyo ni dosari kubwa. Kama hukumkuta mwenyewe, ahirisha.

Huduma baada ya mauzo ni nzuri. Kila mteja hupewa mfuko mdogo wa chakula kile kile mnyama alichozoea, ili kipya kichanganywe taratibu, kwa sababu tumbo la sungura halivumilii mabadiliko ya ghafla. Husisitiziwa kwamba nyasi kavu ndizo chakula kikuu, kwamba peleti na karoti ni kidogo tu, na kwamba sungura aliyegoma kula na kunya kwa nusu siku ni mgonjwa wa dharura hata kama anaonekana amekaa kimya kwa adabu. Jambo hili la mwisho linahusiana na tabia moja kwa moja: sungura huficha maumivu, na mnyama aliyekuwa mkorofi akawa mpole ghafla hapaswi kupongezwa. Tulionywa pia tusikubali apewe dawa za jamii ya penisilini kwa mdomo, ambazo huua bakteria wanaomsaidia kumeng'enya chakula na zinaweza kumuua naye.

Tulilipa shilingi 35,000 kwa kila mmoja, bei iliyo juu ya ya sokoni, na naiona ni halali kwa mnyama anayeweza kuishi miaka minane au zaidi nyumbani kwako. Mama hakubali kupakia sungura kwenye buti la basi la kwenda Dar es Salaam, hata mteja akiongeza fedha, kwa sababu ya joto. Anayetoka mbali aje na usafiri wenye hewa. Mnyama chini ya wiki saba hauzwi. Muda mzuri wa kwenda ni saa kumi na moja jioni, sungura wanapoamka na kuonyesha walivyo. Saa sita mchana wote ni wapole, kwa kuwa wamelala. Na kila mtu abebe tenga lake lenye mfuniko, maana boksi linalotolewa bandani ni la sabuni, limelowa chini, na halifiki hata Usa River.